Manjano ya Februari

Watu wa Corumbá hawaendi Campo Grande kutembea. Wanaenda kulazwa hospitali, kubadilisha basi, au kufa, na wako waliofanya yote matatu kwa safari moja. Naldo alifanya mawili. Alipelekwa na gari la wagonjwa akiwa na miaka kumi na tisa, mapafu yamejaa maji, na siku ya nne akazikwa hukohuko, maana kumrudisha nyumbani kulitaka gari, na mama yake hakuwa na gari wala hakumjua mwenye gari.

Hiyo ilikuwa Agosti, miaka mitatu na nusu nyuma. Sasa ilikuwa Februari, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, na dada yake Naldo, Taciane, alikuwa amekaa kwenye benchi la stendi ya Campo Grande na masanduku mawili, gunia la vyombo, na mama yake. Mama alikuwa amepakata mfuko mweupe. Usiku kucha ndani ya basi alikuwa ameupakata vilevile. Aliushona mwenyewe kutoka kwenye shuka la Naldo, akatarizi jina lake lote kwenye kona kwa uzi mwekundu, Ednaldo, na herufi ya mwisho ikatoka kubwa kuliko zote kwa sababu kitambaa kilibaki.

Makaburi ya manispaa ni ya kuazima. Unapewa miaka mitatu ardhini, halafu wanakutoa, na asiyekuja kuchukuliwa na mtu wake anaingizwa shimo la wote. Kila mtu anajua hivyo na hakuna anayehesabu siku. Ni jirani yao, aliyekuja mjini kupimwa moyo, ndiye aliyeona tangazo kwenye geti la makaburi akalipiga picha: kitalu cha kumi na nne, safu ya tisa, wote kutolewa Jumatatu. Na kwa bahati, kama kitu kama hicho kinaitwa bahati, mama na Taciane walikuwa tayari wanahama. Shangazi Cleonir alikuwa amemtafutia mama kazi kwenye machinjio ya kuku huko Cascavel, kuanzia Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Nyumba ya Corumbá walishairudisha kwa mwenyewe. Basi la Cascavel lilikuwa linaondoka saa nane mchana.

"Masaa manane," mama alisema. "Kumtoa mtu mmoja yanatosha."

Taciane alitikisa kichwa kukubali.

"Na wewe ndiye unayejua alipo," mama akaendelea. Hilo alishamwambia dereva, akamwambia na bibi aliyekaa nyuma yao na kuku ndani ya boksi. Binti yangu ndiye anayejua alipo. Mimi miguu iliniishia getini, yeye ndiye alimsindikiza mpaka chini.

Ni kweli ilikuwa hivyo. Siku ile mama alianguka pale getini, akashikwa na wanawake wa msiba mwingine, na nyuma ya toroli la jeneza akabaki Taciane peke yake, miaka kumi na miwili, na wachimba makaburi wawili wasiomjua. Alichokumbuka ni mti. Mti mkubwa usio na jani hata moja, umejaa maua ya manjano kutoka chini mpaka juu, yakidondoka juu ya jeneza, na mmoja wa wale wachimbaji akiyasukuma kwa buti ili yasiingie shimoni. Aliwaza: kigingi cha nini, namba ya nini, mti kama huu nani anausahau. Akahesabu hatua kutoka kwenye shina. Nne, upande wa ukuta. Jioni akamwambia mama, najua alipo, nitakuonyesha.

Hakusema zaidi ya hapo. Taciane hakuwa mtu wa kusema zaidi. Shuleni mwalimu aliwahi kumwandikia mara mbili kwamba hayupo, naye yupo kwenye kiti chake, kwa sababu alivyoitikia sauti haikufika mbele.

Waliacha mizigo stoo ya stendi, mama akanunua mikate miwili ya jibini, akaula wake kwa matonge mawili kama mtu anayetimiza amri, wakapanda basi la mjini.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Barabara zote zilikuwa na miti, katikati miti, pembeni miti, mingine imekutana juu mpaka basi likawa linapita gizani mchana kweupe. Kasuku wakubwa wa bluu walikuwa wanapiga kelele kwenye mnazi uliokufa mbele ya duka la dawa. Kijana mmoja mwenye begi kubwa la kitalii mgongoni, naye akisubiri gari la kumpeleka mtoni, alikuwa anapiga picha kila kitu dirishani.

"Mji mzuri," yule kijana alimwambia mama. "Unapumua."

"Sisi tunapita tu," mama alisema.

"Na mimi napita. Nina masaa saba."

"Basi pumua haraka, mwanangu."

Taciane hakucheka. Alikuwa anatafuta manjano. Toka stendi alikuwa anaangalia nje, mti baada ya mti, na kila mti ulikuwa kijani. Kijani kibichi, kijani cheusi, kijani kinachodondosha maji. Huko kwao pia ile miti ipo, ipê, inachanua wakati wa ukame kwa siku chache, na watu wanaijua kama wanavyoijua sikukuu: siku ikipita hakuna anayeiwaza mpaka mwakani. Taciane alikuwa hajawahi kujiuliza mti ule unafananaje mwezi wa pili. Alianza kujiuliza saa hiyo, ndani ya basi.

Ofisi ya makaburi ilifunguliwa saa mbili. Karani alikuwa mwanamke mnene mwenye kucha ndefu, feni ndogo ikimpulizia shingo, na kibao mezani kimeandikwa Marlúcia. Alichukua kitambulisho cha mama, akafungua daftari, akashuka na ukucha.

"Ednaldo. Kumi na nne, safu ya tisa. Ndiyo. Wewe ni mama mzazi?"

"Ndiyo, dada."

"Maana hatumpi mtu mwingine. Jana kaja mtu kumchukua shemeji yake, nikamrudisha. Mzazi, mume, mke, au mtoto mkubwa. Namba ninayo hapa, mia mbili na kumi na moja. Tatizo ni hili, mama. Namba hii huku iko, kule haipo."

"Haipo vipi?"

"Tulipata dhoruba mwezi wa kumi na moja. Maji yalipita kule chini kama mto, vigingi vyote vya safu ile vikaenda. Tumeviokota kwenye ukuta wa nyuma. Safu yenyewe nusu tulishaitoa kabla, kwa hiyo hata kuhesabu hakuhesabiki, udongo umelala sawa." Akafunga daftari. "Mmezika mkaweka nini? Msalaba? Vigae?"

"Hatukuweka kitu. Tulirudi siku ileile."

"Basi nani alikuwepo?"

Mama akaweka mkono begani kwa Taciane. "Huyu."

Karani akamwangalia Taciane, kisha kwa mara ya kwanza akazima feni. "Unapakumbuka, binti?"

"Ndiyo," Taciane alisema.

"Eh?"

"Anasema ndiyo," mama alisema.

"Nawapa kibali. Kibali kimoja, jina moja, shimo moja. Siwezi kuwaacha mfukue kama mnatafuta viazi. Na leo ni Jumamosi, nafunga saa sita, na yeye mchimbaji anaweka chini chepeo saa sita. Kwa hiyo msipotee."

Mchimbaji alikuwa na msiba wa kwanza. Wakamsubiri kwenye kibaraza mpaka saa nne, mama akiwa na mfuko wake mapajani, mkono unapitapita juu ya lile jina jekundu. Watu wa ule msiba walipita, wakalia, wakarudi wakiongea mambo ya mpira. Ndipo akaja yeye, Osmarino, mwanamume mrefu mwenye kofia ya majani, anasukuma toroli lenye chepeo, sururu, na chupa kubwa ya maji ya barafu. Kabla ya kuwasalimia alijaza majani makavu ya chai ya huko kwenye pembe ya ng'ombe, akamwagia maji, akanyonya kwa mrija wake wa chuma, akajaza tena, akampa mama. Mama akanywa, akarudisha. Akampa Taciane. Taciane akanywa mpaka mrija ukalia, maana ukiacha nusu ni dharau.

"Haya," Osmarino alisema. "Nimeambiwa mna ramani."

"Ndiyo huyu," mama alisema.

"Ramani hii ina sauti?"

"Sauti yake ndogo, lakini kichwa chake kizima."

"Heri hivyo. Wiki iliyopita nimeletewa ramani ya ndugu watano, kila mmoja na kaburi lake, na marehemu mmoja. Walitaka kupigana juu ya baba yao." Akaanza kusukuma toroli. "Twende, ramani. Ukikosea tutamwamsha jirani, na majirani wa huku hawapendi."

Walishuka. Kitalu cha kumi na nne kilikuwa chini kabisa, karibu na ukuta wa nyuma, na udongo wake ulikuwa mwekundu wa kushika viatu. Taciane alikuwa anatembea huku ameinamisha kichwa. Alijua akiinua atakuta kijani, na atalazimika kufungua mdomo mbele ya watu wawili na kusema sijui. Aliwaza namna ya kulisema. Mama, ulikuwa mti. Mama, nilihesabu hatua kutoka kwenye mti. Alilipanga lile neno mdomoni, akalipangua, akalipanga tena.

Akainua kichwa.

Kulikuwa na miti sita kando ya safu. Mitano ya kijani. Wa sita, karibu na mwisho, ulikuwa na manjano juu, mafungu kwa mafungu, na chini yake maua yamelowa yametanda juu ya matope.

Aliona kama mtu amemwekea taa pale. Hakuwa mtu wa kusali sana, lakini alisema asante kimoyomoyo, mara mbili, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye shina, akageukia ukuta, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Miguu yake ilikuwa imekuwa mirefu tangu siku ile, kwa hiyo ya nne akaifupisha.

"Hapa," alisema, na safari hii sauti ilitoka.

Osmarino alisimamisha toroli. Akaangalia pale chini, akaangalia ukuta, akamwangalia Taciane.

"Umejuaje kwamba ni hapa?"

Taciane alifungua mdomo.

"Huyu," mama alisema kabla yake, "hasemi asichokijua. Toka mdogo. Wengine huko kwetu wanaropoka tu, huyu akisema ndiyo, ndiyo. Chimba, baba. Saa zinakwenda."

Taciane akafunga mdomo. Maneno yale yalimpendeza. Baadaye ndiyo yaliyomuuma kuliko yote, kwamba yalimpendeza.

Osmarino akavua shati, akalitundika kwenye tawi, akaanza.

Ardhi ililegea kwa mvua, ikawa inatoka mabonge. Mama alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa anaongea, jambo ambalo hakulifanya toka Corumbá. Alimweleza Osmarino kwamba Naldo alikuwa na chuma mguuni, mguu wa kulia, chini ya goti, na skrubu sita, maana farasi alimpiga teke shambani kwa bosi wake. Kwamba alikuwa na jino la mbele limevunjika, na halikuvunjika kwa farasi, lilivunjika kwa chupa ya soda. Kwamba alikuwa anaimba vibaya.

"Chuma kitakuwepo," Osmarino alisema kutoka shimoni. "Chuma hakiendi popote. Nina boksi zima la magoti ofisini. Magoti ya watu matajiri hayo, ya zamani, yanang'aa."

"Unayafanyia nini?"

"Nitayafanyia nini, mama? Hayana mwenyewe. Nikiyatupa usiku naota yanatembea."

Mama alicheka. Kicheko kifupi, lakini kilikuwa kicheko, na Taciane alikisikia akaona kwamba siku hii inaweza kupita. Watamweka Naldo kwenye mfuko, mfuko kwenye sanduku, watapanda basi saa nane. Huko Cascavel shangazi alishaongea na padri, kuna kishimo kwenye ukuta wa kanisa. Mama ataweka maua ya plastiki, na Jumapili atakuwa na mahali pa kwenda.

Sururu iligonga mbao. Mbao ilikuwa imeoza, haikutoa mlio wa kugonga, ilitoa kama kukohoa. Osmarino akaweka sururu pembeni, akavaa glavu, akachuchumaa. Kwa muda walimwona kofia tu.

Kisha ile kofia ikatulia.

"Mama," alisema, "kijana wako alikuwa na nywele ndefu?"

"Naldo? Alikuwa ananyolewa kama mwanajeshi. Alikuwa hapendi joto."

Mama akasimama kutoka kwenye ndoo, akaja mpaka ukingoni, na Taciane naye akaja. Mle chini, kwenye matope mekundu, kulikuwa na mfupa wa kichwa uliogeukia pembeni, mwekundu kama udongo, na kutoka nyuma yake msuko mrefu wa nywele, umesokotwa vizuri, umefungwa mwishoni kwa kibanio cha plastiki chenye umbo la kipepeo. Kibanio hakikuwa kimepauka hata kidogo. Mtu alikichagua asubuhi moja.

Kasuku wawili walipita juu wakipiga kelele zao, wakaenda.

"Tusamehe, mwanangu," mama alimwambia yule wa chini. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mtu ndani. "Tumekosea nyumba. Lala."

Halafu akamgeukia Taciane. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri tu.

"Ulikuwa mti," Taciane alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Ulikuwa mti, mama. Nilihesabu kutoka kwenye mti. Hatua nne. Ulikuwa na maua ya manjano siku ile, umejaa, hauna jani. Na huu una maua. Nimeona ndio huu."

Osmarino alipanda kutoka shimoni. Alivua kofia, akaangalia mti uliokuwa juu yao na mafungu yake ya manjano na majani yake mengi ya kijani, akaangalia kitu kingine mbele, akavaa kofia tena.

"Mlizika mwezi gani?"

"Agosti," mama alisema.

"Huu unachanua na mvua," alisema taratibu. "Krismasi mpaka sasa. Agosti huu ni kijani tu, hauna kitu. Wa Agosti ni ipê." Akanyoosha mkono wenye glavu. Mti wa tatu kutoka mwanzo, mti wa kawaida, mwembamba, wa kijani, walioupita wakija, ambao Taciane alikuwa ameugusa gome lake kwa bega. "Ule pale. Ipê ni ule mmoja tu kwenye safu hii. Kila mwaka nafagia maua yake." Akamgeukia Taciane. "Ungeniambia mti wa manjano, binti, ningekuuliza mwezi. Ni neno moja tu."

Taciane alijua ni neno moja. Alikuwa nalo mdomoni.

Mama alikuwa ameshaanza kutembea. Alikwenda mpaka kwenye ule mti wa tatu, akageukia ukuta, akahesabu hatua nne kwa viatu vyake vya matope, akasimama. Udongo pale ulikuwa sawa na udongo mwingine wote.

"Hapa," alisema. "Baba, njoo hapa. Yuko hapa."

"Mama."

"Njoo na sururu."

"Mama, ni saa sita kasoro dakika tano. Huyu lazima nimfunike kwanza, siwezi kumwacha wazi. Na kibali ni kimoja. Kimeshatumika."

"Nitaandikiwa kingine."

"Marlúcia huyo anafunga."

Mama alikimbia. Taciane hakuwahi kumwona mama yake anakimbia. Alikimbia juu ya kile kilima chekundu na mfuko mweupe kifuani, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, akaendelea na kimoja. Taciane aliokota kile kiatu akamfuata. Walipofika mlango wa ofisi ulikuwa na kufuli, na feni ndogo ilikuwa inaonekana dirishani, imegeuzwa ukutani.

Walirudi chini taratibu. Osmarino alikuwa anamfunika yule mwanamke, na Taciane aliona kwamba anaweka udongo kwa mkono pale penye kichwa kabla ya kutumia chepeo.

"Nitakaa mpaka Jumatatu," mama alisema. "Taciane ataenda kwa shangazi yake, mimi nitakaa."

Alisimama pale na kiatu kimoja, na mtu angeweza kumwona anapiga hesabu ya mambo yote. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Cleonir alishaweka jina lake mbele ya msimamizi, na akamwambia wazi, wifi, huko kuna watu arobaini wanasubiri mmoja achelewe. Nyumba iliyorudishwa. Binti wa miaka kumi na sita peke yake kwenye basi na gunia la vyombo, kwenda kwa watu ambao hata chakula chao ni cha kupima. Mama alikaa kwenye ndoo. Alivaa kiatu alichopewa na Taciane bila kumwangalia.

"Jumatatu mnafanyaje?" alimwuliza Osmarino.

"Tunawatoa wote waliobaki. Tisa."

"Halafu?"

"Halafu shimo la wote, mama. Unajua."

"Ukikuta chuma mguuni utajua ni yeye."

"Nitajua."

"Huwezi kumweka mahali? Siku chache tu. Mpaka nipewe ruhusa kazini."

Osmarino aliegemea chepeo. Ndiye aliyekuwa na mzaha wa kila kitu, na sasa alikuwa anatafuta mzaha akaukosa. "Siwezi kumweka mtu kabatini, mama. Jumatatu anakuja mkaguzi, anahesabu vichwa. Kikipungua kimoja ni mimi."

Mama aliukunjua ule mfuko mapajani. Akaulaza, akanyoosha mikunjo yake kwa kiganja, akaukunja tena upya, jina likiwa juu. Akasimama akampa.

"Basi aingie humo. Shimoni aende na jina lake."

Osmarino alivua glavu kabla ya kuupokea. Aliangalia lile jina jekundu na ile herufi kubwa ya mwisho. Hakuahidi. Aliuweka kwenye toroli, juu ya shati lake safi alilolitungua mtini, mbali na chepeo. Kisha akajaza pembe, akamwagia maji, akampa mama. Mama akanyonya mpaka mwisho, akarudisha. Akajaza, akampa Taciane.

"Usimpe," mama alisema.

Osmarino alibaki na ile pembe mkononi. Hakujua aipeleke wapi, mwisho akanywa mwenyewe.

Walifika stendi saa saba na nusu. Yule kijana mtalii alikuwepo, anakula, akawapungia mkono kama watu wanaojuana. "Mmeona nini?" aliuliza. Mama akapita. Taciane alisema, "Makaburi," lakini sauti haikufika, na kijana akatabasamu akadhani amejibiwa kitu kizuri.

Basi likatoka saa nane kamili. Mama alikaa dirishani. Mikono yake haikuwa na kitu cha kushika, akawa anaiweka mapajani, anaitoa, anaiweka tena. Walipita barabara zilezile, miti ileile imekutana juu, gizani, mwangani, gizani. Walipofika taa za mwisho kabla ya barabara kuu, mama alinyoosha kidole kwenye kioo.

"Ule pale ni mti gani?"

Taciane aliangalia. Ulikuwa mti wa kijani mbele ya gereji ya magari.

"Sijui, mama," alisema.

"Sema kwa nguvu."

"Sijui, mama."

Mtu wa kiti cha mbele aligeuka. Mama alikuwa bado na kidole kwenye kioo.

"Na ule?"

"Sijui."

"Na ule wa pili yake?"

"Sijui, mama."

Mji ukaisha. Yakaanza mashamba ya soya, marefu, sawasawa, na huko miti ni michache, mmoja huku, mwingine mbali kabisa katikati ya shamba. Kila mmoja ulipotokea, kidole cha mama kilipanda kwenye kioo, na Taciane akajibu kwa sauti ambayo basi zima liliisikia. Hivyo hivyo mpaka giza likaingia na hakukuwa na mti wa kuulizia. Hata hapo mama hakushusha kidole.